Riwaya za Indiana Jones: Uanze na Ipi, na Ipi Uiache Rafuni

Mtu anayetaka kununua filamu za Indiana Jones, yule mwanaakiolojia wa kubuni anayesaka vitu vya kale, hana kazi kubwa, kwa kuwa filamu ni tano tu, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1981 na ya mwisho ya mwaka 2023. Anayetaka riwaya zake hujikuta mbele ya makumi ya vitabu vilivyoandikwa na watu wengi, kwa wasomaji wa rika mbalimbali, katika muda wa karibu miaka thelathini, na karibu vyote vina picha ya mtu yuleyule mwenye kofia ya pama na mjeledi. Jina la shujaa limetandazwa juu ya jalada kwa herufi kubwa, na jina la mwandishi, ambalo ndilo litakaloamua kama fedha yako imekwenda mahali pazuri au imepotea, limebanwa kwa herufi ndogo. Mwongozo huu ni wa msomaji anayekimudu Kiingereza, aliyezipenda filamu hizo, na asiyetaka kununua vitabu kumi ili apate vitatu vya kumridhisha. Nimevipanga vitabu kwa waandishi wake wala si kwa namba za mfululizo, kwa sababu hivyo ndivyo ubora wake unavyogawanyika.

Aina za vitabu utakavyokutana navyo

Fungu la kwanza ni riwaya zinazosimulia upya filamu zenyewe. Fungu la pili, ambalo ndilo kiini cha mwongozo huu, ni riwaya 12 zenye hadithi mpya zilizochapishwa na kampuni ya Bantam ya Marekani kati ya mwaka 1991 na 1999. Sita za mwanzo ziliandikwa na Rob MacGregor, mbili za katikati na Martin Caidin, na nne za mwisho na Max McCoy. Hadithi zote 12 zinatokea kabla ya filamu: ya kwanza inaanzia miaka ya mwanzo ya 1920, wakati shujaa angali mwanafunzi, na ya mwisho inaishia mwaka 1934, kabla kidogo ya matukio ya filamu ya pili, ambayo kwa mpangilio wa maisha yake ndiyo inayotangulia nyingine zote. Fungu la tatu ni vitabu vya watoto na vijana, na la nne ni riwaya nane za Kijerumani. Pembeni kabisa, bila ndugu wala jirani, kuna riwaya moja iliyotoka mwaka 2009.

Mnunuzi asiyeyajua mafungu haya huangukia pua kwa urahisi. Niliwahi kuagiza mtandaoni kitabu ambacho muuzaji alikitangaza kwa maneno mawili tu, jina la shujaa na neno “riwaya”, pamoja na picha ya jalada iliyopigwa kwa mbali. Baada ya wiki tano za kusubiri kilinifikia kijitabu chembamba cha watoto, cha aina ile ambayo msomaji huambiwa kwamba akitaka kuingia pangoni afungue ukurasa fulani, na akitaka kurudi nyuma afungue mwingine. Nilikufa mara tatu kabla ya chai kupoa. Kwa msomaji wa miaka kumi kilikuwa kitabu kizuri tu, na mpwa wangu alikipokea kwa furaha, lakini sicho nilichokilipia. Tangu siku hiyo siagizi kitabu chochote cha mfululizo huu bila kuona jina la mwandishi, mwaka wa kuchapishwa na idadi ya kurasa. Riwaya za watu wazima za Bantam zina kurasa mia mbili na ushee na kuendelea. Ukiona mia moja na kidogo, jua uko katika fungu la watoto.

Nafasi ya kwanza: Max McCoy

Kama una fedha ya kitabu kimoja tu, nunua Indiana Jones and the Philosopher's Stone, kilichotoka mwaka 1995. McCoy alilielewa jambo ambalo waandishi wenzake walilisahau mara kwa mara, kwamba shujaa huyu hapendezi kwa kushinda, bali kwa kupigwa, kupoteza, kuchanganyikiwa, kisha kuinuka na vumbi lake na kuendelea. Kitabu kinaanzia katika msitu wa Amerika ya Kati mwaka 1933, ambako Indiana anatafuta fuvu la kioo, na kutoka hapo kinahamia katika mkasa wa hati ya Voynich na siri ya jiwe ambalo wataalamu wa zamani wa alkemia waliamini kuwa lina uwezo wa kugeuza madini ya risasi kuwa dhahabu. Wabaya wake ni wafuasi wa Mussolini, dikteta wa Italia, jambo linalokipa kitabu ladha tofauti na filamu, ambamo tumezoea kuwaona Wanazi.

Hati ya Voynich si jambo la kubuni. Ni kitabu cha mkono cha karne ya 15, chenye michoro ya mimea isiyojulikana na maandishi ambayo hadi leo hakuna aliyefaulu kuyasoma kwa namna iliyokubalika na wataalamu. Muuza vitabu Wilfrid Voynich alikinunua mwaka 1912, na sasa kimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale. Hapo ndipo McCoy anapowashinda wenzake: huchukua kitu kilichopo kweli duniani, ambacho msomaji anaweza kwenda kukitafuta baada ya kufunga kitabu, kisha hukisukuma hatua mbili tu kupita mpaka wa ukweli. Lugha yake ni nyepesi na sura zake zinakwenda mbio, hata msomaji ambaye Kiingereza chake ni cha sekondari atazimaliza bila kuishika kamusi mara nyingi.

Vitabu vyake vingine vitatu vinategemea hiki cha kwanza, kwa kuwa lile fuvu la kioo lina laana inayomwandama Indiana hadi mwisho wa mfululizo. Kwa hiyo vya McCoy vinunuliwe kwa mpangilio wake, hata kama utavipata kwa nyakati mbalimbali. Cha pili, Indiana Jones and the Dinosaur Eggs cha mwaka 1996, kinatupeleka jangwa la Gobi huko Mongolia. Wazo lake linaegemea tukio la kweli: mwaka 1923 msafara wa Roy Chapman Andrews, wa Jumba la Makumbusho ya Historia ya Viumbe la New York, uliyapata mayai ya dinosaria katika jangwa hilohilo, na picha za Andrews akiwa na kofia na bastola zimewafanya watu wengi wamtaje kuwa ndiye kielelezo cha Indiana Jones, ingawa watengenezaji wa filamu hawakuwahi kulithibitisha hilo. Kitabu kina safari nzuri ya jangwani na mwisho unaotaka msomaji awe na imani ya mtoto. Cha tatu, Indiana Jones and the Hollow Earth cha mwaka 1997, ndicho dhaifu kati ya vinne. Theluji yake ya kaskazini imesimuliwa vizuri, lakini Wanazi wanaotafuta ulimwengu ulio chini ya ardhi wanachosha mapema.

Cha nne, Indiana Jones and the Secret of the Sphinx cha mwaka 1999, kinasimama sambamba na kile cha kwanza, na kuna siku ninakiona kimekizidi. Kinaanzia China, kinapita katika nchi kadhaa za Asia na kuishia Misri, na ndani yake mna mwanamke mwanamazingaombwe na binti yake, fimbo ya Haruni, na kitabu kinachosemekana kuwa kimeandikwa maisha ya kila binadamu tangu kuzaliwa hadi kufa. Ni kitabu cha mwisho cha mfululizo wa Bantam. Kwa kuwa huwezi kukifurahia ipasavyo bila kuijua laana ya fuvu, sikushauri ukianze, lakini ukikiona kwa bei nzuri kabla ya vingine, kinunue ukiweke.

Nafasi ya pili: Rob MacGregor, lakini vitatu vya mwanzo

MacGregor alipewa kazi ya kuandika hadithi mpya baada ya kuiandika riwaya ya filamu ya tatu mwaka 1989. Aliamua kumrudisha shujaa nyuma kabisa, kijana ambaye bado hajawa profesa wala hajaamua kwa hakika kwamba atakuwa mwanaakiolojia. Msomaji anayetarajia mapigano katika kila sura ataona mwendo umepoa, ila anayependa kuona mtu anavyoumbika taratibu atapata hapa kitu ambacho filamu hazikumpa.

Indiana Jones and the Peril at Delphi cha mwaka 1991 kinatuingiza katika maisha ya wanafunzi wa Paris. Indiana anasoma chuo kikuu cha Sorbonne, na profesa wake wa kike anamvuta hadi Delphi, Ugiriki, mahali ambapo watu wa kale walikwenda kuagua mambo kwa kuhani aliyeitwa Pythia, na ambako palikuwa na jiwe la Omphalos lililohesabiwa kuwa kitovu cha dunia. Uchimbaji wa mambo ya kale unageuka kuwa pazia la njama za siasa, na kijana wetu, ambaye kichwa chake kimejaa vitabu na moyo wake umejaa profesa, ndiye wa mwisho kuligundua hilo.

Kitabu cha pili, Indiana Jones and the Dance of the Giants, cha mwaka huohuo, kinamkuta mwaka 1925 akifundisha London. “Ngoma ya Majitu” ni jina la kale la mawe makubwa ya Stonehenge huko Uingereza, lililotumiwa na waandishi wa Zama za Kati waliodai kwamba mchawi Merlin ndiye aliyeyaleta pale. Hapa anaingia Deirdre, mwanafunzi wa Kiskoti, na kwa maoni yangu ndiye mwanamke aliyechorwa kwa uangalifu kuliko wote katika riwaya hizi, kwa sababu mwandishi alikuwa na vitabu viwili vya kumkuza. Cha tatu, Indiana Jones and the Seven Veils, kinawapeleka wote wawili Brazil katika nyayo za Percy Fawcett, msafiri mvumbuzi wa Kiingereza ambaye kwa kweli alipotea katika misitu ya huko mwaka 1925 akitafuta mji uliofichika. Mwisho wake ni mzito, na sitausimulia. Itoshe kusema kwamba baada ya kuusoma utauelewa ukali wa yule Indiana wa filamu kuliko ulivyouelewa kabla.

Vitabu hivi vitatu ni hadithi moja iliyokatwa vipande, hivyo kununua cha pili bila cha kwanza ni sawa na kuingia harusini wakati wa kuosha vyombo. Vikipatikana pamoja kwa muuzaji mmoja, chukua vyote.

Vitatu vinavyofuata vimeshuka ngazi. Indiana Jones and the Genesis Deluge cha mwaka 1992, kinachohusu safina ya Nuhu na mlima Ararat, kina mwanzo mzuri katika Chicago ya muziki wa jazi na majambazi, na kinafaa kusomwa na mtu aliyemzoea MacGregor. Indiana Jones and the Unicorn's Legacy kinapita tu. Indiana Jones and the Interior World, chenye mwanzo katika Kisiwa cha Pasaka, kinazama katika ndoto na ulimwengu wa ndani hadi shujaa mwenyewe anaonekana amechoka. MacGregor alivutiwa sana na mambo ya siri na ya kiroho, na kila alipoachia hamu hiyo ishike usukani, mjeledi ulibaki umetundikwa ukutani. Hiki cha mwisho usikinunue isipokuwa unakusanya mfululizo mzima.

Nafasi ya tatu: filamu zilizosimuliwa upya

Wapo wanaodharau riwaya za namna hii, wakisema kwamba mtu aliyekwisha kuiona filamu hana haja ya kuisoma. Hoja hiyo ina uzito nusu. Waandishi wake huanza kazi wakiwa na mswada wa filamu, kabla ya filamu yenyewe kukatwa na kumalizika, kwa hiyo hubakiza mandhari na mazungumzo ambayo watazamaji hawakuyaona. Tena hutueleza shujaa anafikiri nini, jambo ambalo kamera haiwezi.

Riwaya ya filamu ya kwanza, Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981, iliandikwa na Campbell Black, mwandishi wa Kiskoti, na ina giza ambalo hukulitarajia. Indiana wake ana hofu na majuto, na mpinzani wake Mfaransa anapewa nafasi ya kueleza kwa nini analitaka lile Sanduku la Agano. Ya pili, ya mwaka 1984, ni ya James Kahn, ambaye pia ni daktari wa tiba. Ina kasi, lakini imerithi kasoro za filamu yake, ambayo ilipigwa Sri Lanka baada ya serikali ya India kutoridhishwa na mswada na jinsi ulivyowachora watu wake. Msomaji wa Afrika, ambaye ameona bara lake likichorwa hivyohivyo mara nyingi, ataitambua kasoro hiyo bila kuonyeshwa kwa kidole. Ya tatu, ya mwaka 1989 kuhusu kikombe kitakatifu, ni ya MacGregor, na ndiyo laini na yenye ucheshi kuliko zote, kwa kuwa ugomvi wa baba na mtoto unasomeka vizuri hata bila waigizaji.

Mnunuzi mwenye busara hatazinunua hizi moja moja. Mwaka 2008 kampuni ya Del Rey ilizitoa zote tatu katika kitabu kimoja kinene kiitwacho The Adventures of Indiana Jones. Kwa hesabu ya bei kwa kila ukurasa hakuna toleo linalolishinda, na kwa kuwa ni la karibuni kuliko yale ya miaka ya 1980, karatasi zake bado zina uhai. Kama unamnunulia zawadi mtu ambaye hujui amesoma nini, hili ndilo la kumpa, na usihangaike na mengine.

Riwaya ya filamu ya nne, pia ya mwaka 2008, iliandikwa na James Rollins, mwandishi wa hadithi za kusisimua ambaye awali alikuwa daktari wa mifugo. Filamu yenyewe iligawanya watazamaji. Kitabu ni bora kuliko filamu, kwa sababu Rollins anajua kuyaeleza mambo ya ajabu kwa utulivu, ingawa hakuweza kuubadilisha mwisho alioupewa.

Nafasi ya nne: Steve Perry

Indiana Jones and the Army of the Dead, kilichotolewa na Del Rey mwaka 2009, ndicho kile kitabu kisicho na ndugu nilichokitaja. Kinatokea Haiti mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, na Indiana yuko pamoja na Mac, rafiki yake tunayemjua kutokana na filamu ya nne. Wanatafuta lulu nyeusi yenye nguvu za kichawi, na Wajerumani na Wajapani wanaitafuta pia. Wafu wanatembea, mvua inanyesha, risasi zinalia, na kurasa zinageuka zenyewe. Ukikisoma kwenye basi la Dar es Salaam hadi Mwanza utakifurahia, na ukifika Shinyanga utakuwa umekwisha kusahau nusu yake. Imani ya watu wa Haiti imetumika humo kama chombo cha kutishia wasomaji, nami nilitamani mwandishi angeuliza zaidi na kutisha kidogo.

Nafasi ya mwisho: Martin Caidin

Ni vigumu kumweka mkiani mtu aliyeijua kazi yake namna hii. Caidin alikuwa rubani, mwandishi wa vitabu vingi kuhusu ndege, na muasisi wa hadithi iliyozaa mfululizo wa televisheni wa mtu aliyetengenezewa viungo vya mashine katika miaka ya 1970. Hata hivyo, Indiana Jones and the Sky Pirates cha mwaka 1993 kina ndege nyingi kuliko Indiana. Injini, mabawa na uzito wa kila kitu vimeelezwa kwa mapenzi ya fundi, huku shujaa akigeuzwa kamanda wa kikosi anayetoa amri na kupanga mikakati. Yule mtu wa kubahatisha, anayeogopa nyoka na kukosea njia, hayumo. Indiana Jones and the White Witch cha mwaka 1994, chenye uchawi wa msitu wa New Forest huko Uingereza, kina mazungumzo marefu mno na matukio machache mno.

Nakubali kuwepo kwa msomaji mmoja atakayenipinga. Kama wewe ni mpenzi wa ndege za kati ya vita viwili vikuu, hasa ile Ford Trimotor ya injini tatu yenye mwili wa bati la mawimbi, basi Sky Pirates kitakuwa na ladha kwako ambayo kwangu haikuwepo. Wengine wote wavipite vyote viwili. Mfululizo haudhuriki, kwa kuwa MacGregor na McCoy hawavitegemei.

Kwa wanaosoma Kijerumani

Msomaji anayeishi Ujerumani, Austria au Uswisi ana riwaya nane ambazo wasomaji wa Kiingereza huzisikia tu. Ziliandikwa na Wolfgang Hohlbein, mmoja wa waandishi mashuhuri wa hadithi za kubuni nchini Ujerumani, na kutolewa na kampuni ya Goldmann kuanzia mwaka 1990. Anza na Indiana Jones und die Gefiederte Schlange, ya nyoka mwenye manyoya wa Wamaya. Hohlbein hajali sana usahihi wa historia, lakini anajua kumtia mtu matatani, na vitabu vyake vilivyotumika hupatikana kwa wingi na kwa bei ndogo katika masoko ya mitumba ya huko.

Kwa watoto, na kwa nini kimoja kinatuhusu

Vitabu vya watoto ni vingi na havikuzidiana sana. Les Martin na William McCay waliandika kadhaa vinavyosomeka, kikiwemo kimoja kinachomweka kijana Indiana ndani ya meli ya Titanic. Ila kwa mzazi wa Afrika Mashariki kuna kimoja cha kukitafuta kwa makusudi. Ni Safari Sleuth cha A. L. Singer, cha mwaka 1992, kilichotokana na sehemu ya mfululizo wa televisheni wa utoto wa Indiana iliyopigwa Kenya. Ni mwaka 1909, katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Waingereza, na mtoto Indiana amefika pamoja na wazazi wake katika msafara wa uwindaji wa Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, ambaye kwa kweli alishuka Mombasa mwezi Aprili mwaka huo. Indiana anafanya urafiki na mtoto wa Kimaasai aitwaye Meto, na kwa pamoja wanajaribu kujua kwa nini choroa wametoweka katika eneo ambalo walikuwa tele.

Hadithi inamfundisha mtoto namna mnyama mmoja, mmea mmoja na moto mmoja vinavyotegemeana, na mwenye kulijua jibu si mzungu mwenye bunduki. Hilo peke yake linatosha kukipa kitabu nafasi katika rafu ya nyumba yenye watoto, ingawa mzazi afaaye atakaa na mtoto na kumweleza kwamba wale wawindaji waliua wanyama wengi mno, na kwamba msafara ule ulibebwa juu ya vichwa vya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa.

Namna ya kununua bila kujuta

Vingi kati ya vitabu hivi huuzwa vikiwa vimetumika. Kwa bahati unaweza kukutana na kimoja katika vitabu vya “inama” vya Nairobi, vile vinavyotandazwa chini kando ya barabara, au kwa wauza vitabu vya mtumba katikati ya Dar es Salaam. Mimi nilikiokota kitabu cha Kahn hivyo, kikiwa kimelala kati ya mwongozo wa kemia na Biblia isiyo na jalada. Kutegemea bahati hiyo kwa mfululizo mzima hakufai. Utahitaji kuagiza kutoka Marekani au Uingereza, na hapo gharama ya usafirishaji huizidi bei ya kitabu chenyewe mara mbili au zaidi. Njia nafuu ni kutafuta muuzaji mwenye vitabu kadhaa vya mwandishi mmoja na kuviagiza kwa mzigo mmoja, au kumwomba ndugu aliyeko ughaibuni avipokee kwake na kuja navyo atakapokuja likizo. Kabla ya kulipa, uliza kama ushuru na kodi vimehesabiwa, maana kifurushi kilichozuiwa posta huweza kukugharimu kuliko ulivyopanga.

Muombe muuzaji picha tatu: ya jalada, ya uti wa kitabu, na ya ukurasa wa hakimiliki. Picha ya kwanza inakuonyesha jina la mwandishi, ya pili inakuonyesha kama kitabu kimevunjika mgongo, na ya tatu inakuonyesha mwaka wa toleo. Majalada ya Bantam yaliyochorwa na Drew Struzan, msanii yuleyule wa mabango ya filamu, yana wapenzi wake, na wapo wauzaji wanaoongeza bei kwa ajili ya jalada tu. Kama nia yako ni kusoma, chukua nakala yenye jalada lililochakaa mradi kurasa zote zimo. Vitabu vya McCoy mara nyingi huwa ghali kuliko vya MacGregor, kwa hiyo usishangae ukiona Secret of the Sphinx kinauzwa kwa bei ya vitabu viwili. Subiri wiki kadhaa, kwani nakala nyingine hujitokeza.

Kikikufikia, kumbuka kwamba ni kitabu cha mfukoni cha miaka ya 1990, kilichochapishwa kwenye karatasi ya bei nafuu na kushikwa kwa gundi ambayo sasa imekauka. Usikifungue kwa nguvu katikati. Kilaze mezani, ukifungue kurasa chache kutoka mbele, kisha chache kutoka nyuma, hadi uti wake ulainike. Na kama unaishi pwani, usikiweke karibu na dirisha, kwa sababu chumvi na unyevu huigeuza karatasi hiyo rangi ya chai ndani ya masika moja.